Regyuleta inayoidanganya mita: kwa nini redio huzimika pale tu inapoanza kurusha

Kifaa kimefungwa juu ya simtank kwenye nyumba moja ya Ngamiani, Tanga: bodi ndogo ya ESP8266 (chipu yenye WiFi ndani yake), sensa ya kupima kina cha maji, betri, na regyuleta ya kushusha volti. Mezani, kikiwa kimechomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kilifanya kazi wiki nzima bila tatizo. Kimehamishiwa kwenye betri na sasa taa ya buluu inapepesa, sensa inasoma, halafu kikifika pa kujiunga na WiFi kinazima na kuanza upya. Tena na tena. Mwenye nacho anapima mguu wa umeme wa bodi, mita inasoma 3.30. Anaamua bodi ni mbovu, ananunua nyingine, na nyingine inafanya vilevile.

Fedha nyingi za vijana wanaojifunza ufundi huu zinapotea hapo. Mtambo wowote mdogo unaotuma taarifa bila waya ukianza kujizima wenyewe, mtuhumiwa wa kwanza ni umeme, na ndani ya umeme ni regyuleta, hata kama mita imeshaisafisha. Regyuleta inaweza kutoa volti sahihi ikiwa haina kazi, ikashindwa kabisa ikipewa kazi. Kipimo cha haraka kwa mita kinakuonyesha ile hali ya kwanza tu.

Redio hula kwa mikupuo

Bodi yenye sensa na taa peke yake hula umeme kidogo na kwa utulivu. Redio haiko hivyo. ESP8266 inaposikiliza tu hula kama miliampia 60 hadi 80. Ikirusha, jedwali la mtengenezaji linataja 170, na kuna vilele vifupi vinavyopita 300. ESP32, ndugu yake mkubwa, imetajwa kwa 240 inaporusha, ndiyo maana watengenezaji wake, Espressif, wanashauri chanzo cha umeme kiwe na uwezo wa miliampia 500 au zaidi. Moduli ya LoRa, redio ya masafa marefu, yenye chipu ya SX1278 hula 120 ikiwekwa kwenye nguvu ya juu kabisa. nRF24L01+ ya kawaida, redio ndogo ya masafa mafupi, ni pole, haizidi 14, lakini ile yenye kikuza nguvu na antena ya nje hupita 100. Na SIM800L, inayotumia laini ya simu, hiyo ina habari yake peke yake: inaweza kudai ampia 2 kwa mkupuo mmoja.

Mkupuo wenyewe ni mfupi kuliko kufumba jicho. Mita ya kawaida ya bei ndogo husoma mara 2 au 3 kwa sekunde na kukupa wastani. Volti ikianguka kutoka 3.3 hadi 2.4 kwa milisekunde moja kisha ikarudi, mita haioni kitu. Chipu imeona, na imeshajizima. Ni kama bomba la uani ambalo ndani limeliwa na kutu. Ukiweka geji wakati bomba limefungwa, presha ni kamili, na ukifungua kidogo maji yanatoka vizuri. Uwezo wake utaujua wakifungua watu watatu kwa mpigo.

ESP32 ina uungwana wa kusema yenyewe. Ukifungua dirisha la kusomea ujumbe wake kwenye kompyuta utaona maneno "Brownout detector was triggered", maana yake volti imeshuka chini ya kiwango ilichowekewa. Kuna mstari mmoja wa kodi unaosambazwa sana wa kuizima tahadhari hiyo. Usiutumie. Umeme utabaki mbovu vilevile, na badala ya kujizima kwa heshima chipu inaweza kuanza kuandika takataka kwenye kumbukumbu yake. Hapo utatafuta kosa kwenye programu kwa siku nyingi, na programu haina kosa.

Kabla ya kugusa chochote, fanya jaribio la kodi: punguza nguvu ya kurusha. Kwenye ESP8266 andika WiFi.setOutputPower(5) na uweke kifaa karibu na ruta. Kwenye nRF24 tumia RF24_PA_MIN. Kama kuzimika kumekoma au kumepungua sana, umeme ndio mkosaji na unaweza kuendelea bila wasiwasi. Moduli za nRF24 zenye kikuza nguvu zina mtego wake hapa: zikiwa meza moja zinaziba masikio zenyewe kwa nguvu ya ishara, kwa hiyo ziweke mbali kwa mita kadhaa kabla ya kuamua lolote.

Jaribio la pili linagharimu betri 2 mpya za AA za alkali. Ziunge kwa mfuatano upate volti 3.0 hadi 3.2, tenganisha kabisa mguu wa kutokea wa regyuleta, kisha lisha redio (isipokuwa SIM800L, inayotaka volti na ampia zaidi) moja kwa moja kutoka kwenye betri hizo kwa waya fupi. Betri mpya za alkali hutoa miliampia 300 bila kuyumba sana. Redio ikifanya kazi hivyo, haina ubovu, na kilichobaki kukichunguza ni regyuleta na njia ya umeme. Usisahau kutenganisha: ukiacha regyuleta imeungwa, umeme wa betri utairudia kwa nyuma na jaribio halitakuwa na maana.

Ipime ikiwa imebeba mzigo

Nunua rizista moja ya omu 10, wati 5, ile nyeupe ya umbo la tofali. Hiyo moja inakutosha kwa kazi nyingi. Kwenye volti 3.3 itavuta miliampia 330 na kutoa joto la wati 1.1, kwenye volti 5 itavuta miliampia 500 na wati 2.5. Ndiyo mizigo halisi ya redio hizi, ukiitoa SIM800L, ila yenyewe haipumziki, na regyuleta inayoimudu kwa dakika 5 haitarajiwi kushindwa na mkupuo wa milisekunde moja wa ukubwa huo.

Tenganisha redio. Unga rizista kati ya mguu wa kutokea na hasi. Washa, na usome sehemu mbili kwa wakati mmoja ukiweza kupata mita mbili, au moja baada ya nyingine haraka: volti inayoingia na volti inayotoka. AMS1117-3.3 nzima, regyuleta ya volti 3.3, inapaswa kukaa kati ya 3.24 na 3.36, na 7805, ya volti 5, kati ya 4.8 na 5.2. Rizista itachemka, kwa hiyo iweke juu ya kigae au kipande cha bati, mbali na bredibodi ya plastiki (ubao wa kuchomekea waya bila kulehemu).

Namba hizo mbili zinasema mengi. Volti ya kuingia ikianguka pamoja na ya kutoka, tatizo liko nyuma ya regyuleta: betri imechoka, chaja ni feki, waya ni nyembamba. Ya kuingia ikitulia na ya kutoka ikaanguka papo hapo, regyuleta yenyewe haimudu. Ikianza vizuri halafu ikaanguka baada ya nusu dakika au dakika mbili, hilo ni joto. Na ikisoma kidogo kuliko kawaida lakini ikabaki hapohapo bila kusogea, tazama pengo la kuingia na kutoka, ambalo linafuata hapa chini.

Kisha rudisha redio na uhamishe ncha za mita hadi kwenye miguu ya redio yenyewe, chanya na hasi zote mbili palepale. Waya nyembamba za kuchomeka za bredibodi, zile za namba 28, zina ukinzani wa karibu omu 0.21 kwa kila mita. Sentimita 20 kwenda na 20 kurudi ni omu 0.085, na kila tundu la bredibodi lililolegea linaongeza lake. Kwa nRF24 hizo si kitu. Kwa SIM800L inayodai ampia 2, ni volti 0.17 zimeliwa na waya peke yake kabla hujahesabu matundu. Moduli ya simu ilehemiwe kwa waya nene na fupi. Bredibodi haiwezi kazi hiyo.

Pengo ambalo halionekani kwenye jina

Regyuleta ya kawaida, ile isiyo na koili, hushusha volti kwa kuichoma ziada ikawa joto. Ili ifanye kazi inahitaji volti ya kuingia iwe juu ya ya kutoka kwa kiasi fulani, na kiasi hicho hakiandikwi mgongoni mwake. 7805 inataka kama volti 2, yaani isipungue 7 pa kuingilia. AMS1117 inataka 1.1 hadi 1.3, kwa hiyo ile ya 3.3 inahitaji 4.4 hadi 4.6.

Sasa chukua seli moja ya lithiamu ya 18650, ambayo wengi wanaitoa kwenye betri za kompyuta za mitumba. Ikijaa ni volti 4.2, na sehemu kubwa ya maisha yake inakaa karibu na 3.7. Pitisha 3.7 kwenye AMS1117 unabaki na kama 2.6. Ndiyo maana kifaa kinafanya kazi asubuhi betri ikiwa imetoka kwenye chaja, na saa chache baadaye kinaanza kuzimika: seli bado ina umeme mwingi, ila regyuleta haiwezi kuutumia. Kosa hili ni la kawaida kupita yote, na halirekebishwi kwa kubadilisha AMS1117 kwa AMS1117 nyingine.

Kwa seli moja tafuta regyuleta yenye pengo dogo. ME6211, iliyoko kwenye bodi nyingi za D1 mini (bodi ndogo za ESP8266), inatoa hadi miliampia 500 na pengo lake ni kama volti 0.1 ikibeba miliampia 100. HT7333 na MCP1700 ni nzuri sana kwa LoRa na nRF24 kwa sababu zenyewe hula umeme kidogo mno, mikroampia 4 na 1.6, lakini mwisho wake ni miliampia 250, kwa hiyo usiziweke kwenye ESP. Linganisha na AMS1117, ambayo hula kama miliampia 5 hata redio ikiwa imelala. Betri ya miliampia-saa 2000 inamalizwa na regyuleta peke yake kwa saa 400, hata siku 17 hazifiki.

Pengo lina upande wa pili, kikomo cha juu. AMS1117 mwisho wake ni volti 15, ME6211 na MCP1700 ni 6 tu. Paneli ya sola inayoitwa ya volti 12, ikiwa juani bila mzigo, hutoa 21 hadi 22. Iunge moja kwa moja kwenye AMS1117 na itakufa siku ya kwanza, na mara nyingi inakufa kwa kupitisha volti zote mbele, ikaondoka na redio. 7805 inavumilia 35. Na yule anayeiwekea D1 mini volti 12 kwenye mguu ulioandikwa 5V kwa kuwa aliona NodeMCU, bodi nyingine ya ESP8266, ikivumilia, ameshaiua.

Kuna na wale wanaolisha ESP-01 (moduli ndogo ya ESP8266) au nRF24 yenye antena kutoka kwenye mguu wa 3.3V wa Arduino Uno. Mguu ule umepangiwa miliampia 50. Hakuna kitu kibovu hapo. Ni mzigo mkubwa kwa mbebaji mdogo. Weka regyuleta yake peke yake.

Joto

Hesabu yake ni fupi: volti inayoingia toa inayotoka, zidisha kwa ampia, unapata wati zinazogeuka joto. Betri ya volti 12, 7805, mzigo wa miliampia 300: (12 − 5) × 0.3 ni wati 2.1. 7805 bila bati la kupoozea hupanda nyuzi 65 kwa kila wati, kwa hiyo ndani itapanda nyuzi 137 juu ya hewa iliyoizunguka. Wakati wa kaskazi, mchana wa Tanga ukiwa nyuzi 32 kivulini, jumla ni 169. Regyuleta hujizima yenyewe karibu na 150.

Kujizima huko ndiko kunakochanganya watu. Ikipoa inawaka tena, inachemka, inazima. Ukiona kifaa kinazima na kuwaka kwa mwendo unaofanana, sekunde kadhaa hivi na sekunde kadhaa hivi, hata kikiwa hakirushi, gusa regyuleta kwa ncha ya kidole kwa tahadhari. Ukishindwa kuvumilia zaidi ya sekunde moja au mbili, umeipata sababu. Kisanduku cha plastiki kilichofungwa juani kinaongeza nyuzi nyingine juu ya hizo 32, ndiyo maana kifaa kinachofanya kazi usiku na kufa saa 7 mchana kisilaumiwe kwa mtandao.

AMS1117 ni ndogo na inateseka zaidi. Ikiwa na shaba kidogo tu chini yake hupanda hadi nyuzi 90 kwa wati; ikilehemiwa kwenye shaba pana ya bodi inaweza kushuka hadi kama 46. Kutoka 12 hadi 3.3 kwa miliampia 200 ni wati 1.74, na ikiwa na shaba kidogo haiponi. Dawa ni kushusha kwa hatua mbili: moduli yenye koili, kama LM2596, ishushe 12 hadi 5, kisha AMS1117 ishushe 5 hadi 3.3. Hapo AMS1117 inabaki na wati 0.34 na kupanda nyuzi kama 31 tu, na redio inapata umeme safi kuliko ambao koili peke yake ingeutoa.

Ukiamua kuweka bati la kupoozea, angalia ubavu wa chuma wa regyuleta umeungwa na nini. Kwa 7805 ubavu ni hasi. Kwa LD1117V33, ambayo kwa umbo huwezi kuitofautisha nayo, ubavu ni mguu wa kutokea. Zifunge zote mbili kwenye bati moja bila karatasi ya kuhami na umepiga shoti.

Kapasita, na hesabu ya SIM800L

Regyuleta haiwezi kuitikia papo hapo. Mkupuo unapoanza, kwa muda mfupi wa mwanzo mzigo wote unabebwa na kapasita iliyo karibu na redio. Kapasita ni pipa la maji mlangoni: bomba likizidiwa, unachota pipani.

Ukubwa wa pipa unapigiwa hesabu. Ampia zinazokosekana zidisha kwa sekunde, gawanya kwa volti unazokubali zishuke, unapata faradi. SIM800L inarusha kwa mkupuo wa sekunde 0.000577, mara moja kila milisekunde 4.615. Kama chanzo chako kinatoa ampia 1 na moduli inataka 2, inakosekana 1. Ukikubali kushuka kwa volti 0.3, jibu ni mikrofaradi 1,923, kwa hiyo unaweka 2200. Mbili za 1000 kwa pamoja ni bora kuliko moja kubwa, maana ukinzani wa ndani wa kapasita nao hupungua zikiwa mbili. Zilehemu ndani ya sentimita 2 kutoka miguu ya moduli, na uongeze moja ya seramiki ya mikrofaradi 0.1 pembeni.

Moduli hii haitaki 5 wala 3.3. Inataka kati ya 3.4 na 4.4, na 4.0 ndipo pake. Taa yake itakusaidia: ikipepesa karibu kila sekunde inatafuta mtandao, ikipepesa kila sekunde 3 imeupata. Ikipepesa mara saba au nane kisha ikaanza upya, inazimika kila inapojaribu kurusha, na kwenye ujumbe wake unaweza kukuta "UNDER-VOLTAGE POWER DOWN". Kubadilisha laini au kusogea dirishani hakutabadilisha kitu.

Kwa nRF24, mikrofaradi 10 hadi 100 kwenye miguu yake inatosha na huponya wagonjwa wengi. Kwa ESP weka 470 pamoja na 0.1.

Regyuleta yenyewe ina madai yake. AMS1117 imetengenezwa ikitegemea kapasita ya tantalamu ya mikrofaradi 22 pa kutokea. Ukiiwekea seramiki peke yake, ambayo ukinzani wake wa ndani ni mdogo mno, inaweza kuanza kutetemeka: volti inacheza juu na chini kwa kasi, regyuleta inapata joto hata bila mzigo, na redio inapoteza pakiti za taarifa ovyo bila kuzimika. Jaribu kuongeza ya kawaida ya mikrofaradi 22 au 47 na utazame kama hali inatulia. MCP1700 kwa upande wake haina shida na seramiki ya mikrofaradi 1. Kwa hiyo ukibadilisha aina ya regyuleta, usizihamishe kapasita za zamani kwa mazoea.

Tahadhari moja kwa wanaoweka kapasita kubwa pa kutokea kwa regyuleta isiyo na koili: umeme wa kuingia ukikatika ghafla au ukapigwa shoti, kapasita itajimwaga kinyumenyume kupitia regyuleta. Weka dayodi ya 1N4007 kati ya mguu wa kutokea na wa kuingilia, mstari wake mweupe ukielekea pa kuingilia. Kapasita za skrepa nazo zipime kwanza. Joto huzikausha ndani, na iliyokauka kwa nje inaonekana nzima.

Moduli zenye koili

LM2596 inaandikwa ampia 3, lakini kwa bodi ndogo bila bati la kupoozea itegemee 1 hadi 1.5. Chipu halisi hukata umeme mara 150,000 kwa sekunde. Zipo feki nyingi zinazokata karibu mara 50,000, na kwa kuwa koili ya moduli ilichaguliwa kwa ile kasi kubwa, inachemka na volti inakuwa na mawimbi. Bila osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) utaitambua kwa mzigo: unga taa ya indiketa ya gari ya volti 12, wati 21, pa kutokea ukiwa umeseti volti 4. Itavuta karibu ampia 1 ikishawaka, na zaidi sana uzi wake ukiwa baridi. Moduli nzima hutulia papo hapo kwenye 4. Feki huyumba, hulia kwa sauti nyembamba, au koili yake haishikiki ndani ya dakika 2.

Skrubu ya kuseti volti inazunguka mizunguko mingi, na moduli mpya mara nyingi huja ikiwa juu. Seti kabla ya kuunga redio, daima. Halafu kuna hatari ya skrubu hiyohiyo kupoteza mgusano kwa kutu: mara nyingi volti ya kutokea inapanda hadi karibu sawa na ya kuingia. Kwa kifaa kitakachokaa nje, iondoe skrubu na uweke rizista. Chipu hushikilia volti 1.23, kwa hiyo volti ya kutoka ni 1.23 × (1 + R2 ÷ R1), ambapo R1 ni ile iliyoungwa hasi na R2 ndiyo mahali pa skrubu. R1 ikiwa omu 1000, R2 ya 2200 inakupa 3.94, nzuri kwa SIM800L, na ya 3000 inakupa 4.92. Soma R1 iliyopo kwenye moduli yako kabla ya kununua, hazifanani.

Kelele ya koili pia huwaziba masikio wapokeaji rahisi wa masafa ya megahetsi 433. Ukiona kipokezi kinasikia mita 30 kikiwa kwenye betri na mita 3 kikiwa kwenye moduli yenye koili, sogeza moduli sentimita 10 na zaidi kutoka kwenye antena, au pitisha umeme wake kwenye regyuleta ya kawaida kwanza.

Imekufa kweli?

Zima umeme, subiri kapasita zimwage. Weka mita kwenye alama ya dayodi na upime kati ya mguu wa kuingilia na wa kutokea, pande zote mbili. Ikisoma 0.00 kote, regyuleta imeungana ndani na inapitisha volti zote. Usiwashe redio tena kwa njia hiyo. Kisha pima omu kati ya mguu wa kutokea na hasi. Bodi nzima ya ESP husoma mamia ya omu au zaidi. Ikisoma omu chache tu, kuna shoti mbele, na regyuleta unayoilaumu inajizuia tu isiungue.

Kuitafuta shoti hiyo kuna njia nzuri. Ingiza volti 1 kutoka kwenye chanzo chenye kikomo cha ampia kwenye reli ya 3.3 (njia ya umeme ya volti 3.3 ya bodi), kisha mwagia bodi spiriti ya aisopropili iwe filamu nyembamba. Inama utazame kwa taa ya pembeni. Bodi yote inang'aa kwa unyevu, halafu doa moja dogo linaanza kukauka kabla ya mengine, pengine juu ya kapasita ya seramiki isiyozidi punje ya mchele. Hiyo ndiyo iliyopasuka.

Kabla ya kulehemu mpya, hakiki mpangilio wa miguu. 7805 ukiitazama maandishi yakikuelekea, kutoka kushoto: kuingia, hasi, kutoka. LD1117V33 ya umbo lilelile: hasi, kutoka, kuingia. 78L05 ndogo, ubapa ukikuelekea na miguu ikiwa chini: kutoka, hasi, kuingia. HT7333 ya umbo hilohilo dogo: hasi, kuingia, kutoka. Nyingi ya regyuleta "mbovu toka dukani" ziliuawa hapa.

Chumvi

Kifaa kitakachokaa Raskazone au Sahare, karibu na bahari hapo Tanga, kina adui asiyekuwa mezani. Hewa ya bahari huacha chumvi juu ya bodi, chumvi huvuta unyevu wa usiku, na filamu hiyo hupitisha umeme kati ya miguu iliyokaribiana. Regyuleta za kula mikroampia ndizo zinazoumia kwanza, kwani uvujaji kidogo tu unazidi matumizi yao yote. Dalili ni betri kuisha mapema kuliko hesabu, volti kucheza alfajiri na kutulia jua likipanda, na ukijani kwenye shaba ya miguu.

Sugua kwa mswaki laini na spiriti ya aisopropili, pamoja na mabaki ya dawa ya kulehemu, ambayo nayo hushika unyevu. Kausha vizuri. Paka vanishi ya bodi. Ukikosa, vanishi ya kucha isiyo na rangi hufaa kwa kazi ndogo. Usipake kwenye skrubu ya kuseti, kwenye soketi, wala kwenye antena iliyochorwa juu ya bodi. Acha saa 24, kisha rudia kipimo cha rizista ya omu 10 kabla ya kufunga. Nyaya ziingie kisandukuni kwa chini, zikiwa zimepindwa kushuka kisha kupanda, ili tone la mvua lidondoke kabla ya kufika tunduni, na upande huohuo wa chini toboa tundu la milimita 3 ili jasho la ndani lipate pa kutokea.